Katiba ya Mashine ya Kusaga

Mwanangu Kabula,

Sikuulizi hali, maana uko chumba cha pili na nakusikia unabishana na zipu ya begi. Mimi pia sijambo, isipokuwa mgongo, na huo unaujua. Haya ninayokuandikia ningeweza kukwambia kwa mdomo, lakini tangu mchana nyumba imejaa watu wanaokuaga, na kila nikianza sentensi shangazi yako ananimalizia. Kwenye karatasi hawezi kunimalizia.

Ya kuchemsha maji, ya kulala ndani ya chandarua, ya kutokumwachia mtu begi kwenye behewa hata kama anasali, ameshakuambia yeye, na nimesikia kwamba amekuambia mara kadhaa. Sina la kuongeza hapo. Mimi nataka kuzungumzia kazi yenyewe.

Baba yako mdogo ameandika kutoka Tabora kwamba kwenye huo mradi wa maji utakuwa karani, na kazi ya kwanza utakayopewa ni kuzungusha rasimu ya kanuni za visima vijijini, kukusanya maoni ya kamati, na kurudi na karatasi ambayo wote wameikubali. Ameongeza kwamba ni kazi nyepesi, inafaa msichana. Baba yako alipoisoma sentensi hiyo kwa sauti mimi nilikuwa nakoroga uji wa babu yako kikombeni, nikaacha kukoroga. Baba yako mdogo ni mtu mwema, lakini hajawahi kuzungusha karatasi kwa watu. Mimi nimewahi.

Wewe ulikuwa darasa la nne, kwa hiyo unaikumbuka mashine yetu ilipofika Magamba, ule wali na zile ngoma. Huwezi kukumbuka jinsi ilivyokaribia kutofika.

Kabla yake tulikuwa tunabeba mahindi kichwani mpaka Mpanda mjini. Ukifika unakuta foleni, ukimaliza foleni unakuta dizeli imekwisha, unakaa juu ya gunia lako kama kuku anayeatamia. Kuna siku nilirudi na mahindi yaleyale niliyoondoka nayo, na baba yako akaniuliza kama nilikuwa nimeyapeleka kutembea.

Ndipo akaja Bwana Maendeleo wa wilaya, kijana mwembamba mwenye pikipiki iliyokuwa inazima kila anapoisifia. Akatuita akina mama wa kikundi, akasema kuna mashine ya kusaga ya msaada, na itapewa kikundi chenye katiba. Akanyanyua kidole. Katiba hiyo, akasema, iwe imekubaliwa na wanachama wenyewe. Sisi tulisikia mashine. Yale mengine tuliyapigia makofi.

Mwenyekiti wetu alikuwa Bi Zuhura, yule mwenye duka la kona, ambaye wazee wake walitokea Ujiji. Ni mwanamke mkubwa wa umbo na wa roho. Akikohoa dukani, watu walioko barabarani wanaitika abee. Mimi nilichaguliwa katibu kwa sababu ya mwandiko wangu. Mwandiko mzuri una hatari yake, Kabula. Watu wakiona herufi zimekaa vizuri wanadhani na mawazo nayo yamekaa vizuri, na mwandikaji mwenyewe anadhani hivyohivyo.

Basi nikaiandika katiba peke yangu. Sikumuuliza mtu. Niliazima katiba ya kwaya ya kanisani, nikawa nainakili, kila penye wimbo naweka unga, kila penye mwimbaji naweka mwanachama. Nilijiona hodari. Nikaitisha kikao, nikaisoma yote kwa sauti ya kutangaza habari, huku mama mmoja ananyonyesha, mwingine anasuka mkeka, na Mama Ngassa, jirani yetu yule mcheshi, anasinzia kwa heshima, yaani macho wazi. Nikauliza, "Mnakubali?"

Wakaitika, "Tunakubaliii," wakaivuta mwishoni kama tunavyoitikia shuleni.

Nikaandika chini: imekubaliwa na wote.

Bwana Maendeleo alirudi kuichukua. Tulimwekea kiti kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji, tukakaa mbele yake kwenye majani. Akawa anasoma kimyakimya anatikisa kichwa kwa kuridhika, mimi naona mashine inakaribia. Kisha kichwa kikasimama. Akamwangalia Mama Ngassa, aliyekuwa mbele kabisa.

"Mama, hiki kifungu cha saba mmekikubali?"

"Tumekikubali wote," akasema Mama Ngassa.

"Kwamba mwanachama akichelewa mazoezi ataimba peke yake?"

Mama Ngassa hakushtuka. Alinigeukia, akaniangalia kwa huruma, akamrudia mgeni. "Kama katibu ameona inafaa," akasema, "tutaimba."

Yule kijana alifunga faili taratibu. Hakucheka, na nilimshukuru kwa hilo. Akasema, "Mama zangu, mashine haiji kwa mwandiko. Kaeni mkubaliane. Nitarudi kabla mvua hazijaanza. Upande wa pili wa reli kuna kikundi kingine, na wao katiba yao imefika mbali." Akawasha pikipiki, ikazima, akaisukuma mpaka mtelemko.

Tangu siku hiyo siiamini ile "tunakubali" ya pamoja. Ukiisikia huko vijijini, hasa ikiwa ndefu na tamu, ujue watu wanataka kwenda nyumbani. Chukua mmoja pembeni, muulize kilichoandikwa ni nini. Usimuulize kwa kumtega, muulize kwa sababu unataka kujua kama kazi yako imefika.

Nikajiambia, kosa lilikuwa kuwasomea mimi. Safari hii wasome wenyewe. Nikainakili upya bila mambo ya kuimba, nikaandika juu kwa herufi kubwa: SOMA, ANDIKA MAONI, MPE JIRANI. Nakala ilikuwa moja tu. Nikampa Mama Ngassa, nikarudi nyumbani kungoja hekima ya Magamba.

Karatasi ilipotea kama ndama. Nikawa naifuata nyumba hadi nyumba. Nikifika kwa huyu naambiwa imeenda kwa yule, nikifika kwa yule naambiwa ilikuwa hapa sasa hivi, wameifunikia mtungi. Akina mama wasiojua kusoma waliwapa waume zao wawasomee, na waume wakagundua kwamba wana maoni. Mmoja aliiweka mfukoni mwa shati, akapanda baiskeli akaenda nayo Mishamo kununua maharage, na kule wenyeji wake walipomuuliza habari za Magamba akaitoa akawasomea. Ilirudi na mapendekezo ya watu ambao hawajawahi kukanyaga kijijini kwetu. Walikuwa na mawazo mazuri tu, lakini mashine haikuwa yao.

Ilipofika mkononi mwangu ilikuwa na mafuta, majivu, na maandishi kila upande. Mmoja ameandika, "Salamu nyingi kwa katibu na familia." Mume wa mtu ameandika, "Mahindi ya wanaume yasagwe kwanza." Chini yake mwandiko wa kike umeuliza, "Wanaume wana mahindi?" Na chini ya hapo ugomvi umeendelea, ukakata kona, ukapanda pembeni mwa karatasi mpaka juu. Baba yako, ambaye sikumpa hata kidogo, aliikuta mezani wakati naosha vyombo akaandika, "Pumba ziwe za ng'ombe." Nilipomuuliza akasema ilikuwa imeandikwa maoni, na yeye ni mtu mwenye maoni.

Lililoniuma zaidi ni la Mwalimu Kazumba. Mke wake alikuwa mwanachama, yeye alikuwa amestaafu na hana daftari la kusahihisha. Hakusema lolote kuhusu mashine. Aliisahihisha yote kwa wino mwekundu, koma kwa koma, na chini akaandika, "Hamsini na nne kwa mia. Mwandiko mzuri. Jitahidi."

Nililia, mwanangu. Sikulilia mashine, nililia ile hamsini na nne. Baadaye nilipotulia nikaona jambo lenyewe. Nilikuwa nimepata maoni ya kila mtu isipokuwa ya wanachama. Na kosa halikuwa lao. Nilikuwa nimewatupia karatasi nzima bila kuwaambia ninataka kujua nini, na kila mmoja akanipa alichokuwa nacho: mwenye salamu akatoa salamu, mwenye ng'ombe akatoa ng'ombe, na mwalimu akatoa maksi.

Bi Zuhura alipoiona hiyo karatasi aliishika kwa ncha za vidole. "Tuite kikao," akasema. "Hatutoki mpaka iishe."

Kikao hicho kilianza asubuhi. Tukaanza na kifungu cha kwanza, jina la kikundi, tukijua ni kifungu chepesi. Wengine wakataka Tumaini. Wengine wakasema Tumaini wapo mjini na waligombana. Wakasema Amkeni, mama mmoja akachukia, akauliza nani amelala. Wakasema Jua la Asubuhi, tukalijadili mpaka jua lenyewe likawa la mchana. Mwisho mtu aliyechoka akasema, "Jamani nyie, tujaribu tu kuchagua moja," na kwa uchovu tukaandika hivyo. Hadi leo kikundi chetu kinaitwa Tujaribu, na wageni wanatusifu kwa unyenyekevu wetu.

Vifungu vingine vyote vilipita vikikimbia, kwa sababu watoto walishakuja kuuliza chakula. Tukabaki na cha mwisho: mashine itakaa wapi. Ilijulikana kwamba Mzee Hamisi, mume wa Bi Zuhura, amesema kuna chumba kitupu nyuma ya duka. Bi Zuhura akasimama. Akasema, "Chumba kipo," akakaa.

Tukapiga makofi. Nikauliza wanaokubali wanyooshe mikono. Mikono yote ikapanda, na wangu ulitangulia, kwa sababu nilitaka kuwa mfano. Nikaandika: imekubaliwa kwa mikono yote. Nikarudi nyumbani nimechoka, nimefurahi, nimeshamaliza kazi.

Siku chache baadaye nilikuwa barazani nachagua mbegu na Mama Odeta. Unamjua Mama Odeta, wazazi wake walikuwa Mishamo wakati ule, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, yeye aliolewa hapa. Alikuwa anakionea haya Kiswahili chake, akikitoa kidogokidogo kama nguo ya sikukuu. Kikaoni hajawahi kusimama hata mara moja. Tulikuwa na ungo wa mahindi na ungo wa maharage. Katikati ya kuchagua akauliza, kama anayeulizia hali ya hewa:

"Mama Kabula, ile mashine ikikaa kwa Bi Zuhura, mlango atafungua nani?"

"Bi Zuhura."

"Na akisafiri?"

"Atafunga."

"Hm," akasema, akatupa mbegu mbovu.

Nikamuuliza, "Mbona kikaoni hukusema?"

"Kikaoni nilinyoosha mkono."

"Ndiyo nakuuliza, kwa nini?"

"Wako ulikuwa juu," akasema.

Nilikaa na ile punje mkononi. Nitakwambia ukweli: hata mimi sikutaka mashine ikae kule. Sikuwa na ubaya na Bi Zuhura. Ulipovunjika mkono wewe, ni yeye aliyefunga duka akakupakia kwenye baiskeli akakusukuma mpaka hospitali ya mjini, mimi nakimbia nyuma nalia. Lakini kitu cha watu wengi kikilala nyumba ya mtu mmoja, haupiti muda kinakuwa chake, hata kama hakitaki. Nilijua hivyo, na mkono nikaunyoosha. Nikaanza kujiuliza ni mikono mingapi siku ile iliyopanda kwa sababu ya mkono wa jirani.

Na kwa kuwa mahindi na maharage yalikuwa mbele yetu, tukatumia hayo kwa kura ya siri. Usidhani kulikuwa na ujuzi hapo. Kama tungekuwa tunachambua dagaa, tungetumia dagaa.

Kesho yake asubuhi nilienda pampuni na kopo la mafuta nililolitoboa mdomo mdogo, na sahani ya mahindi na maharage. Akina mama wote wa kikundi hupita pale kuchota maji, sikuhitaji kuwaita. Nikawaambia nitauliza kifungu kimoja tu kwa siku, kwa Kiswahili cha jikoni. Kila mmoja achukue punje ya mahindi na ya maharage, afumbe mkono, apite nyuma ya ukuta ambako kopo lipo, adumbukize moja. Mahindi maana yake: hapa tuendelee. Haragwe maana yake: hapa nina neno. Sikuuliza kama wanakipenda kifungu. Ukiwauliza akina mama wengi kama wanapenda kitu, masika yatawakuta mmekaa. Niliuliza kama kuna anayeona kitatuumiza.

Ndoo hazijajaa, kazi imekwisha. Sikuamini. Tuliyoshindwa kuyamaliza siku nzima tulikuwa tunayamaliza kabla ya chai. Kifungu kikitoka mahindi matupu, tunakiacha kipumzike. Kikiwa na haragwe, natangaza: kifungu hiki kina neno, mwenye neno anipitie nyumbani, na kama anaona haya amtume mwenzake. Jioni ya kwanza walinijia akina mama watatu, kila mmoja kwa niaba ya mwenzake, na wote watatu walikuwa na neno lilelile.

Matatizo hayakukosekana. Siku ya kifungu cha tatu niliacha kopo jikoni, likaanguka, na kuku wetu yule mwekundu akala kura zote. Tulirudia. Mama Ngassa alisema kuku huyo ndiye mwanachama pekee aliyekimaliza kifungu chote.

Bi Zuhura naye alikuwa anakuja kila asubuhi. Alikuja na ndoo, ingawa miaka mingi hakuwa ameonekana na ndoo, akapanga foleni, akapita nyuma ya ukuta, akaondoka bila kusema.

Halafu ikafika siku ya chumba.

Nilimwaga kopo kwenye ungo, mimi na Mama Odeta. Ungo ulikuwa mwekundu kwa maharage. Mahindi yalikuwa mawili. Moja nililifahamu, maana nililiweka mimi. Ndiyo, Kabula. Mwenye kopo, mwenye sahani, aliyewahubiria wenzake kuwa wawe huru nyuma ya ukuta, alipofika nyuma ya ukuta peke yake aliogopa. La pili lilikuwa la Mama Ngassa, alituambia mwenyewe baadaye, na ndipo tulipogundua kwamba tangu siku ya kwanza alidhani mahindi ndiyo kukataa. Ilibidi tumuulize upya vifungu vyote.

Mama Odeta aliuangalia ungo, akaniangalia. "Nani atamwambia Bi Zuhura?" akauliza.

"Katibu," nikasema.

"Pole," akasema, akachukua ndoo yake.

Njiani nilijizoeza maneno. Niliyasema kwa sauti mpaka watu wawili wakaniitikia. Nilipofika, Bi Zuhura alikuwa anapima sukari, na Mzee Hamisi amekaa kwenye benchi la nje na redio yake. Nilisimama upande wa pili wa meza ya duka, na maneno yote niliyoyazoeza yakawa yameshuka njiani.

"Bi Zuhura," nikasema, "kile kifungu cha mwisho kina neno."

"Kina maharage mangapi?"

"Karibu yote."

Akaendelea kupima. Alimimina, akapunguza, akaongeza kidogo, akafunga karatasi. Mimi nilikuwa nauaga urafiki wetu moyoni, nafikiria nitakuwa nanunua sukari wapi. Kisha akasema, bila kuinua macho:

"Na moja ni langu."

Nikadhani sikusikia.

"Ukuta wa chumba kile ndio ukuta wa kitanda changu," akasema. "Mashine ya dizeli, Mama Kabula. Mume wangu alikisema chumba bila kuniuliza, na mimi kama mwenyekiti nitakataaje? Nikasimama nikasema chumba kipo. Sikusema nakitoa. Nikasema kipo, nikakaa, nikangoja mmoja wenu akatae. Nyie mkapiga makofi."

Kule nje redio ilizimwa. Mzee Hamisi akaingiza kichwa mlangoni. "Mimi nilikitoa," akasema taratibu, "kwa sababu nilidhani wewe unataka mashine iwe karibu nawe. Mimi mwenyewe nilikuwa nafikiria kuhamia kwa mdogo wangu."

Tuliangaliana watu watatu. Bi Zuhura ndiye aliyeanza, akicheka mabega tu kwanza, halafu mwili mzima, hadi mizani nayo ikatikisika. Tulicheka mpaka mteja aliyekuja kununua kiberiti akaondoka, akidhani kuna msiba. Alipofuta machozi akaniuliza, "Na wewe uliweka nini?"

"Mahindi," nikasema.

"Katibu," akasema, "katiba hii tatizo lake ni wewe."

Sikubisha. Tuliandika kifungu kipya siku ileile juu ya meza ya duka, kwamba tutajenga banda letu wenyewe kwenye kiwanja cha kijiji, kila mwanachama alete matofali, na ufunguo ukae kwa zamu. Kesho yake pampuni hakikupata haragwe hata moja. Na mahindi ya Mama Ngassa safari hii yalikuwa ya kukubali, tulihakikisha.

Bwana Maendeleo alikuja mawingu yameshaanza kujikusanya. Alisoma, akafika mwisho, akainua macho akatafuta mtu wa kumuuliza. Sijui ni bahati gani ikamfanya amchague Mama Odeta.

"Mama, hiki kifungu cha mwisho kinasemaje?"

Nilishika kitambaa cha kichwa. Mama Odeta alisimama. Kwa kile Kiswahili chake cha polepole akamwambia kinachosema, na kabla yake kilisemaje, na kwa nini tulikiacha. Hakueleza mambo ya kitanda cha mwenyekiti, ila alisema kulikuwa na sababu ya usingizi. Alipokaa, mwingine akasimama akasema amesahau habari ya zamu. Wa tatu akasema zamu ziko kifungu cha kumi. Mke wa Mwalimu Kazumba akasema cha kumi ni cha pumba. Wakaanza kuisoma katiba kwa kichwa, wakisahihishana, na yule kijana akawa anageuza shingo huku na huku. Akafunga faili, hawakumwona. Akasimama, wakamkalisha, kwa sababu hajasikia cha kumi na moja.

"Nimeamini," akasema mwishoni. "Mama zangu, nimeamini. Naomba niende, mvua itanikuta."

Mashine ililetwa na behewa la mizigo, na mengine unayajua. Usidhani baada ya hapo tuliishi kama malaika. Kile kifungu cha zamu tumekibadilisha, tukakirudisha, na sasa kuna wanaotaka kukibadilisha tena. Ng'ombe wa baba yako wanakula pumba, na anasema ni yeye aliyeandika. Lakini banda limesimama, na mimi sijabeba mahindi kwenda mjini tangu hapo.

Huko uendako watakupa karatasi nzuri zaidi, zimepigwa chapa, na utajiona mkubwa ukizishika. Najua, nilijiona. Usiende nazo zote kwa mara moja. Nenda na swali moja, dogo, ambalo mama mwenye ndoo kichwani anaweza kulijibu bila kuitua. Usiwe wa kwanza kusema wewe unaonaje. Na ukiona wamekubali wote haraka sana, kaa kidogo, omba maji ya kunywa, zungumza habari za mvua. Neno lenyewe mara nyingi linakuja unapoaga.

Nikisema hayo, naona haya, maana kuna jambo la Jumapili.

Jumapili baba yako alituita sote sebuleni akasoma barua ya baba yako mdogo. Akauliza, "Mnaonaje?" Babu yako akasema ni neema. Kaka zako wakasema ni sawa. Shangazi yako akalia kwa furaha kabla hajajua ni mkoa gani. Mimi nikasema naunga mkono. Wewe ulikuwa jikoni. Ulipoingia na sinia la chai uliambiwa unaenda Tabora, ukaweka sinia chini, ukasema, "Sawa, baba." Na watu wakapiga makofi.

Nimekuzaa mimi. Najua namna zako zote za kusema sawa, na hiyo sikuitambua. Nimekaa nayo wiki nzima, nakuangalia unapiga pasi, unakunja, unacheka na wenzako, na sijapata jibu. Pengine unaitaka safari hii kuliko sisi sote. Pengine ulikuwa unangoja mmoja wetu aseme neno, na wote tulikuwa tunamwangalia baba yako.

Basi naanza na langu, ingawa nimetoka kukukataza. Mimi sitaki uende. Nyumba hii bila wewe sijui nitazungumza na nani asiyenimalizia sentensi. Lakini hiyo ni shida yangu, nitaizoea, haina haki ya kukuzuia. Nimeisema ili usije ukadhani mama yako alipiga makofi na moyo mzima. Nusu ilipiga.

Sasa nakuuliza wewe, kitu ambacho kilipaswa kuulizwa kwanza: unataka kwenda? Tiketi imekatwa, najua. Godoro limefungwa kamba, na shangazi yako ameshalia. Kamba inafunguka, na shangazi atalia tena kwa lingine. Kama hutaki, baba yako niachie mimi. Ana maneno mengi, lakini anasikia akishiba. Na kama unataka, nitakusindikiza stesheni na nitakubebea begi, na sitasema neno mpaka treni iondoke, na treni ya Kaliua unajua inavyochelewa, tutakaa kimya muda mrefu.

Nimeacha nafasi hapa chini ya karatasi. Kalamu nimeiweka ndani ya bahasha. Andika, kisha unirudishie kabla baba yako hajaamka.

Usiandike "nakubali" tu.

Mama yako